Bibi Mdarizi anajibu: ua lenye mshipi kiunoni

Mwezi uliopita, nikijibu swali la mtu mwingine kabisa, nilichomeka sentensi moja kwamba ua lililo kwenye beji ya skauti, kwenye bendera ya Québec na kwenye jezi ya Fiorentina ni ua lile lile. Nilidhani nimepita tu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua ni nyingi kuliko nafasi, nami nimechagua zile zilizonifanya niweke sindano chini.

Kwa ambaye hajapata kulitazama vizuri: ni petali tatu. Ya kati imesimama wima kama jani la mkuki, mbili za kando zinainuka nayo kisha zinajikunja kwenda nje. Katikati zimefungwa mshipi, na chini ya mshipi hutokeza vijimkia vifupi vitatu. Wafaransa huliita *fleur de lis*. Sisi tuliolidarizi kwa riziki tulikata jina likabaki "lisi", nami nitaliita hivyo hapa. Nimelidarizi zaidi ya miaka thelathini, kwa uzi wa dhahabu, mweupe na mwekundu. Kwa hiyo nikilisema vibaya mahali, ninalisema kama mtu anavyomsema jirani wa siku nyingi.

Shikamoo Bibi. Kila nikisoma naambiwa lisi ni yungiyungi. Mimi ninapanda maua, na yungiyungi halifanani na kile kitu hata ukilitazama kwa jicho moja. Ni ua gani hasa? — Mpanda maua

Marahaba. Una macho mazuri, usikubali mtu akuharibie.

Tuanze na Kiswahili chetu. Yungiyungi ni la majini, lile ambalo majani yake huelea bwawani kama sahani. Ua ambalo Wafaransa hulitaja kwa neno *lis* huota kwenye kitunguu ardhini, na waliotufasiria Biblia waliliita nyinyoro: "ni nyinyoro ya mabondeni." Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye mchoro, tumeshateleza kwenye jina.

Sasa chukua nyinyoro yenyewe. Inafunguka kama mdomo wa tarumbeta, ina petali sita, na ile iliyojulikana sana Ulaya ya zamani, iliyochorwa mkononi mwa Bikira Maria, ni nyeupe. Ichore ubavuni, ichore kwa juu, ichore imenyauka: hupati lisi. Halafu chukua airisi ya njano, ile iotayo vinamasini na kwenye kingo za mito ya Ulaya. Petali tatu zinasimama, tatu zinaanguka nje zikijikunja. Ukiitazama ubavuni unaona moja wima na mbili zimeinama kando. Rangi yake ni njano, na ua la wafalme wa Ufaransa lilikuwa la dhahabu. Kwangu mimi kesi imekwisha, ingawa wapo watakaokuambia kwamba halikuwa ua kamwe, bali ncha ya mkuki, au nyuki, au hata chura. (Chura nitamrudia.)

Ila usidhani Wafaransa ndio waliolibuni umbo hilo. Michongo ya kale ya Mesopotamia inalo, na maamiri wa Kimamluki wa Misri na Sham waliliweka kwenye alama zao pamoja na vikombe na panga. Mkono wa binadamu ukipewa petali tatu na mshipi, nadhani hufika hapo wenyewe.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Québec. Bendera yao ina lisi nne nyeupe juu ya bluu. Mwaka 1963 wakaamua jimbo liwe na ua rasmi, wakachagua nyinyoro nyeupe, kwa kuwa ndiyo iliyodhaniwa kuwa kwenye bendera. Watu wakalalamika: ua hilo si la kwetu, haliote porini hapa. Mwaka 1999 wakalibadilisha, wakachukua airisi ya bluu, ambayo kweli imejaa kwenye mabwawa yao. Serikali nzima ilitembea miaka 36 kufika pale macho yako yalipofika siku moja.

Bibi, mwalimu alitufundisha kwamba malaika alimletea Mfalme Clovis ua hilo siku alipobatizwa. Niandike hivyo kwenye mtihani? — Mwanafunzi wa Historia

Andika kwamba *ilisimuliwa* hivyo, mjukuu wangu, na hapo hakuna wa kukunyang'anya alama.

Clovis, mfalme wa Wafranki, alibatizwa kweli, pale Reims, kwa mkono wa Askofu Remigius, mwishoni mwa karne ya 5 au miaka michache baada ya hapo. Hadithi ya ua, hata hivyo, ilipata nguvu katika karne ya 14, miaka 800 na zaidi baadaye. Ilisemwa kwamba kabla ya ubatizo ngao yake ilikuwa na vyura watatu, na baada ya maji ya baraka vyura wakageuka maua. Ni hadithi nzuri ya kumlaza mtoto. Lakini nembo za ngao, zile za kurithishwa baba kwa mwana, zilianza karne ya 12, wakati mashujaa walipoanza kufunika nyuso kwa kofia za chuma na ikawa hujui unayempiga ni adui au shemeji yako. Clovis hakuwa na nembo ya ngao, kama ambavyo hakuwa na saa ya mkononi.

Ushahidi unaoshikika ni muhuri wa mwaka 1211 wa mwana wa mfalme, Louis, ambaye baadaye alikuwa Louis VIII. Hapo ngao imetapakaa lisi kama mtama uliomwagwa. Ndivyo walivyolivaa mwanzoni: uwanja wa bluu, maua mengi ya dhahabu bila hesabu, na yale ya pembeni yamekatwa nusu na ukingo wa ngao. Mnamo miaka ya 1370 Charles V akayapunguza yakawa matatu, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Nimewahi kudarizi uwanja wa maua yasiyo na hesabu, pamoja na yale nusunusu ya pembeni. Namwombea Charles V pepo kila siku.

Sasa nikuongezee kitu ambacho huenda mwalimu wako hakukitaja. Mwaka 1328 mfalme wa Ufaransa, Charles IV, alikufa bila mtoto wa kiume. Mwanamume aliyekuwa karibu naye zaidi kwa damu alikuwa mpwa wake, Edward III wa Uingereza, mwana wa dada yake Isabella. Wakuu wa Ufaransa hawakumtaka. Wakampa taji binamu, Philip wa Valois, wakisema urithi haupiti kwa mwanamke. Baadaye waliotafuta hoja za kutetea jambo hilo walichimba sheria ya kale ya Wafranki, na juu yake wakaleta Injili! Unaukumbuka mstari wa Mathayo kuhusu maua ya mashamba, "hayafanyi kazi, wala hayasokoti"? Kusokota nyuzi ni kazi ya wanawake, wakasema. Maua hayasokoti. Basi ufalme wa maua hauwezi kushikwa na msokotaji.

Mimi niliyekula kwa uzi maisha yangu yote, niliposikia hoja hiyo mara ya kwanza nilicheka mpaka sindano ikaniponyoka. Kila ua la mfalme yule, kwenye kila vazi na kila pazia, lilipita kwenye uzi uliosokotwa na mwanamke fulani.

Edward naye alijibu kwa lugha ile ile ya nguo. Mwaka 1340, akiwa Ghent, aliigawa ngao yake mara nne: simba wake robo mbili, lisi za Ufaransa robo mbili. Zaidi ya hayo, lisi alizitanguliza. Vita iliyofuata tunaiita ya Miaka Mia. Ilipokwisha mwaka 1453 Waingereza walikuwa wamebakiwa na mji wa Calais tu, lakini ua hawakulirudisha. Wafalme wao waliendelea kulivaa hadi mwaka 1801, na wakati huo Ufaransa yenyewe ilikwisha kumkata kichwa mfalme wake. Hata leo, tazama nembo ya kifalme ya Uingereza penye simba mwekundu wa Scotland: fremu inayomzunguka imechomoza vilisi vidogo, ndani na nje.

Bibi, mwanangu ameapishwa skauti, amerudi na beji. Jirani mmoja ananiambia ile ni ncha ya mkuki, alama ya vita. Mwingine anasema ni ya wafalme. Sasa nimwache nayo? — Mama wa skauti

Mwache nayo, mama, na jirani wa mkuki umkaribishe chai, maana swali lake ni la zamani kuliko sisi sote. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, aliulizwa hivyo hivyo: kwamba beji yako ni mkuki wa damu. Akajibu kwa telegramu kwamba ni ua, la amani na usafi. Baadaye, na hapa ndipo ninapompenda mzee yule, alikiri kwamba kusema kweli hiyo siyo sababu iliyomfanya alichukue.

Sababu yenyewe ilikuwa dira. Mwaka 1897, akiwa afisa wa jeshi la Uingereza huko India, aliwapa askari waliofuzu upelelezi beji yenye ncha ya kaskazini, ile inayochorwa kwenye dira na ramani. Na ncha ya kaskazini katika ramani za Ulaya ni lisi. Mchoraji ramani Mreno, Pedro Reinel, aliichora hivyo mwanzoni mwa karne ya 16, na mabaharia wakaizoea. Wengine husema ilianza kama herufi T, ya Tramontana, upepo wa kaskazini kwa Waitaliano, ikarembwa na kurembwa mpaka ikachanua. Nilipojaribu kwa penseli niliona inawezekana: mikono miwili ya T ikiinama tu, umeshafika nusu ya njia.

Kwa hiyo alimaanisha mtu anayeonyesha njia. Wavulana waliopiga kambi naye kisiwani Brownsea, Agosti 1907, walipewa lisi ya shaba. Ile ya skauti wa dunia nzima leo ni nyeupe juu ya zambarau. Petali tatu ni sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu, kwa wengine na kwa nafsi yako. Nyota mbili ndogo ni ukweli na maarifa. Kamba inayozunguka ni umoja wao, nayo imefungwa chini kwa fundo ambalo ukilivuta linakaza.

Fundo hilo nalikumbuka kwa aibu. Niliwahi kudarizi beji kubwa ya kitambaa kwa ajili ya kundi moja la skauti, nikalichora fundo kwa kukisia, kamba juu ya kamba. Mvulana wa miaka kumi hivi aliyekuja kuichukua aliitazama kimya, akaweka kidole pale chini, akasema, "Bibi, hili litafunguka." Nilifumua usiku ule ule.

Mzee wangu anashabikia Fiorentina, mimi Lille. Wote tuna hilo ua. Ina maana sote tunamshangilia mfalme wa Ufaransa? — Mpenda kandanda

Wewe na baba yako hamvai ua moja, na nina kovu la kuthibitisha.

Mteja alinijia akitaka nembo ya Fiorentina mgongoni mwa koti. Nikampa lisi nzuri nyekundu, yenye kila kitu, nikajivunia. Akaikataa mlangoni. "Hili la Wafaransa," akasema. Alikuwa sahihi kabisa. Ua la Florence, ambalo wenyewe huliita *giglio*, limechanua: kati ya petali ya katikati na zile za kando huchomoza stameni mbili (vile vijiti vya chavua), nyembamba zenye vichwa. Lile la Kifaransa halina stameni. Tangu siku hiyo naangalia stameni kwanza, kama mtu anayeangalia alama ya fundi chini ya kikombe.

Florence haikuazima ua kwa mfalme yeyote. Zamani lilikuwa jeupe juu ya nyekundu. Mji ukagawanyika makundi mawili, Waguelfi na Waghibellini, na mwaka 1251 Waguelfi waliposhinda na kuwafukuza wenzao waligeuza rangi: ua jekundu juu ya nyeupe. Waliofukuzwa wakaendelea na lile la kwanza. Fikiria mji mmoja, ua moja, na ukimwona mtu unajua yuko upande gani kwa kuangalia lipi limepakwa damu. Mshairi Dante, aliyefukuzwa Florence pia, ingawa kwa ugomvi mwingine, anakumbuka ua lile kabla ya "kufanywa jekundu kwa mafarakano."

Mwaka 1252, mwaka mmoja tu baada ya kugeuza rangi, Florence ilianza kupiga sarafu ya dhahabu safi ya gramu 3.5 hivi: upande mmoja Yohana Mbatizaji, upande wa pili ua. Waliiita *fiorino*, yaani kijiua. Wafanyabiashara wa Ulaya nzima waliiamini, na jina likasafiri hata pale ambapo ua halikufika.

Mfalme wa Ufaransa anaingia hapo kwa mlango mdogo tu. Mwaka 1465 Louis XI aliwaruhusu ukoo wa Medici kuweka lisi tatu za dhahabu kwenye moja ya yale madonge ya nembo yao. Ilikuwa zawadi kwa wenye benki wake, na wenye benki hawakusahau kuionyesha.

Lille yako: lisi nyeupe juu ya nyekundu, nembo ya mji, nayo timu imechukua kwa mji. Bosnia ungekuwa umeniuliza ningekuambia wao pia wanalo kivyao, la ukoo wa Kotromanić, wafalme wa enzi za kati. Lilikuwa kwenye bendera ya nchi tangu 1992, lisi sita za dhahabu juu ya ngao ya bluu, hadi 1998 lilipoondolewa, kwa kuwa Waserbia na Wakroati wa nchi hiyo waliliona kuwa la Wabosniaki, yaani Waislamu wa nchi hiyo, peke yao. Ua moja, nchi moja, na bado halikuweza kumtosha kila mtu.

Je, Ufaransa yenyewe bado inalitumia? — Msomaji wa siku zote

Jamhuri, hapana. Miji, ndiyo: nembo ya Paris imelitapakaza juu ya ile jahazi yake, kama zamani.

Mapinduzi ya 1789 yalipochacha, mafundi walipandishwa ngazi kulichonga kutoka kwenye kuta. Napoleon alipojitawaza mwaka 1804 alihitaji alama ya kale isiyokuwa ya Wabourbon, ukoo wa wafalme waliopinduliwa, akachukua nyuki, kwa sababu mwaka 1653 kaburi la Childeric, babake Clovis, lilifukuliwa Tournai likiwa na vijinyuki vya dhahabu mamia. Wabourbon wakarudi na lisi zao. Mwaka 1831 Louis-Philippe, mfalme wa raia, akaziondoa tena kwenye muhuri wa dola. Kazi ya mdarizi wa ikulu miaka ile ilikuwa ya uhakika.

Kisha kuna kisa cha Comte de Chambord, mjukuu wa Charles X. Baada ya vita ya 1870 bunge la Ufaransa lilijaa watu waliotaka mfalme, na mfalme alikuwa yeye. Sharti lilikuwa moja: akubali bendera ya rangi tatu. Akakataa. Anataka ile nyeupe ya mababu zake wa lisi. Walimsihi, walimtafutia njia za kati, lakini Oktoba 1873 akaandika tena kwamba habadiliki. Kiti kikabaki wazi. Januari 1875 bunge likapitisha neno "Jamhuri" katika sheria ya kumchagua rais, kura 353 kwa 352. Kuna watu humwita mpumbavu. Mimi simwiti hivyo. Nimeona watu wakivunja uchumba kwa rangi ya kitambaa.

Ukitaka kuliona ua la Wabourbon likiwa kazini hadi leo, nenda Uhispania. Katikati ya nembo ya nchi, kwenye bendera yenyewe, kuna kingao kidogo cha bluu chenye lisi tatu na ukingo mwekundu. Ndio ukoo wa mfalme wao, tangu Philip V alipotoka Ufaransa mwaka 1700. Na kama huna nauli, liko kwenye simu yako: tangu 2005 lisi ina namba yake katika orodha ya alama za kompyuta.

Bibi, nimepata mchoro mzuri wa lisi, nataka kuchora tatuu begani. Inamaanisha nini? Nisije nikajichora tusi. — Niko tayari kwa sindano

Mwanangu, kila mtu huniuliza inamaanisha nini, nami hujibu kwa kuuliza nani aliiweka, na juu ya nani. Kwako nitajibu kwa kirefu, kwa sababu umetaja bega.

Machi 1685 Louis XIV alitoa amri ya kutawala watumwa katika makoloni ya Ufaransa, ile iliyojulikana kama Code Noir, Sheria Nyeusi. Kifungu cha 38 kinahusu mtumwa aliyetoroka. Akikaa nje mwezi mmoja tangu bwana wake alipomshtaki, akatwe masikio na apigwe chapa ya moto ya lisi kwenye bega moja. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti na apigwe chapa ya lisi kwenye bega la pili. Mara ya tatu, auawe. Soma tena: bega moja, kisha bega la pili. Mtu aliyeandika hayo alikaa mezani akapanga nafasi ya ua mwilini mwa mtu, kama mimi ninavyopanga nafasi ya ua kwenye shati.

Desemba 1723 sheria ya namna hiyo ilitolewa kwa ajili ya visiwa vya Bourbon na Île de France, ambavyo leo ni Réunion na Morisi, na mwaka 1724 kwa Louisiana. Waliouzwa visiwani kule walitoka Madagaska, Msumbiji, na katika karne ya 18 Kilwa pia. Kwa hiyo wapo waliolitazama ua hilo likiwa jekundu kwa moto huku wakilia kwa lugha ambayo mimi na wewe tungeielewa.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili iko New Orleans, mji uliojengwa na Wafaransa hao hao mwaka 1718. Lisi tatu za dhahabu ziko kwenye bendera ya mji tangu 1918, na moja iko kwenye kofia za timu yao ya soka ya Kimarekani, Saints. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kingo za mifereji zikavunjika, na asilimia 80 ya mji ikaingia majini. Watu waliotawanyika Marekani nzima walianza kuchora tatuu ya ua lile: mimi ni wa kule, na nitarudi. Weupe walichora, weusi walichora, na wengi wa hao weusi ni uzao wa watu wa kifungu cha 38 cha sheria ile. Mwaka 2008 Louisiana ikalifanya alama rasmi ya jimbo. Februari 2010 Saints wakachukua Super Bowl, fainali ya ligi yao, 31 kwa 17, na naambiwa usiku ule mji ulikuwa ua tupu. Baadaye, mjadala wa sanamu za wapigania utumwa ulipopamba moto, wapo waliouliza kama ua nalo lishushwe. Halikushushwa.

Sasa ufanyeje? Ngozi ni yako, na sindano yako ni kali kuliko yangu. Mtu wa New Orleans akilichora begani anajua begani pamewahi kuwa nini, au anapaswa kujua, na analichora juu ya hayo. Wewe unalichora kwa kuwa mchoro ni mzuri. Si tusi. Lakini mimi, kama ni lazima, ningechagua mahali pengine popote mwilini, si begani.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mtoto wa sita kwetu, na nimesoma kwamba lisi ni alama ya mtoto wa sita. Kweli? Na ukiwa unalidarizi, unaanzia wapi? — Kitinda mimba

Marahaba. Kweli, kwa Waingereza: katika mpangilio wao wa nembo, mwana wa sita huongeza kilisi kidogo kwenye ngao ya baba, ili asichanganywe na kaka zake watano. Wa pili hupewa mwezi mchanga, wa saba waridi. Ni kwa wana wa kiume, kwa hiyo kama wewe ni binti utanisamehe, sikuandika sheria hizo.

Ama kuanza: anza na mshipi. Wengi huanza na petali ya kati kwa kuwa ndiyo inayovutia, kisha zile za kando zinakataa kulingana. Chora mstari wima, uukate kwa mshipi kwenye theluthi ya chini. Darizi mshipi kwanza, ukaze. Halafu petali ya kushoto kuanzia mshipini kwenda juu, ya kulia vivyo hivyo, na ya kati mwisho. Ukifika kwenye mkunjo wa petali ya kando, fupisha mishono, la sivyo uzi utapinda na ua litaonekana limevimba. Na kama mteja ni wa Florence, usisahau stameni.